Baiskeli ya majini na kafi la babu



Kuna swali ambalo naulizwa karibu kila nikikaa barazani baada ya sala ya Isha, nalo linahusu ile kayaki ya njano inayolala ukutani kwangu: hivi kweli kunyonga kwa miguu ni bora kuliko kupiga kafi? Wanaouliza wengi wao wana ndugu walioko Dubai au Maskati, ambao wako tayari kuwatilia chombo kama hicho kwenye kontena, na wanataka kujua kama fedha yao itakwenda mahali pazuri. Siku zote nimekuwa nikijibu kwa maneno mawili matatu, halafu mazungumzo yanahamia kwenye bei ya sukari. Leo nataka nijibu kwa urefu, kwani jibu langu limo ndani ya asubuhi moja ya Agosti 2018, asubuhi ambayo mpaka leo mama watoto hapendi itajwe wakati wa kula.

Kwanza nieleze nilivyofika huko. Mimi nimezaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, na baba yangu alivua ndagala kwa zaidi ya miaka 30. Kafi nililishika kabla sijashika kalamu. Lakini mwaka 2013 nilianguka na pikipiki katika barabara ya kwenda Bujumbura, bega la kulia likachomoka na kano zake zikachanika. Lilirudishwa mahali pake, Alhamdulillah, ila tangu siku hiyo mkono huo haupandi juu ya kifua. Mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu wameshazoea kuniona nikiandika sehemu ya juu ya ubao kwa kuunyanyua mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Darasani mtu anaweza kufanya hivyo. Ndani ya mtumbwi haiwezekani. Nilikaa miaka minne nikiliangalia ziwa kama mtu anayeangalia nyumba aliyoiuza.

Mwaka 2017 shemeji yangu anayefanya kazi Dubai alikuwa analeta kontena la vipuri vya magari kupitia Dar es Salaam. Ndani yake akapenyeza kayaki mbili alizozinunua zikiwa zimeshatumika. Moja ya njano, ya pedali, ilikuwa yangu. Nyingine nyekundu, ya kafi, ilikuwa ya watoto. Siku zilipoteremshwa mtaa mzima ulikuja kutazama. Ile nyekundu mpwa wangu aliichukua begani peke yake akaenda nayo mpaka ufukweni, ina kilo 22. Ile ya njano ina kilo 43 bila kiti wala mashine yake, na vijana wanne waliibeba wakipumzika njiani. Hiyo ndiyo tofauti ya kwanza, na wauzaji hawaitaji! Kama nyumba yako iko mbali na maji, au huna vijana, basi anza kuhesabu hapo.

Kayaki yenyewe si kitu kipya. Watu wa Inuit katika nchi za barafu za kaskazini walikuwa wakiiunda kwa ngozi ya sili juu ya mbavu za mti au mfupa wa nyangumi, wakaiendesha kwa kafi lenye bapa pande mbili, na wakawindia humo karne nyingi. Mambo ya pedali ndiyo ya juzi juzi. Mwaka 1997 kampuni ya Hobie ya California, Marekani, ilitoa kayaki yenye mapezi mawili chini ya tumbo lake, yanayopepea kulia na kushoto mfano wa mabawa ya pengwini. Mpandaji anasukuma pedali moja mbele kisha nyingine, kama mtu anayepanda ngazi akiwa amekaa. Baadaye wengine wakaja na aina ya rafadha, yaani lile panga dogo linalozunguka nyuma ya injini ya boti, isipokuwa hapa injini ni miguu yako. Humo unazungusha pedali kama za baiskeli, na kwa mzunguko mmoja wa miguu rafadha inazunguka mara kama 8 mpaka 10.

Yangu ni ya rafadha. Jina la aliyeitengeneza lilikuwa limeshafutika ubavuni nilipoipokea. Uzuri wa aina hii ni kwamba ukinyonga kinyume, inarudi nyuma palepale. Zile za mapezi za zamani hazirudi nyuma, ingawa siku hizi zipo zinazoweza. Ubaya wake ni kwamba guu la mashine linaning'inia kama nusu mita chini ya chombo, na lazima ulinyanyue kabla ya kufika kwenye maji ya magoti. Mapezi, kwa upande wao, unaweza kuyalaza yakabana kwenye tumbo la chombo ukapita juu ya mchanga. Katika aina zote mbili usukani unaendeshwa kwa mkono, kwa kijiti kidogo kilicho pembeni ya kiti.

Wallahi siku ya kwanza nilipokaa kwenye kile kiti, nikaanza kunyonga, na ardhi ikaanza kurudi nyuma bila bega langu kuulizwa chochote, nilinyamaza kimya. Mpwa wangu alidhani nimeogopa. Nilikwenda mpaka mahali maji yanapobadilika rangi, nikakaa pale, mikono miwili juu ya mapaja, nikitazama milima ya Ubwari ng'ambo ya Kongo. Miaka minne!

Basi kwa kuwa mimi ni mwalimu, nikataka hesabu. Tulichukua safari ya kilomita 4 kandokando ya ufukwe, asubuhi isiyo na upepo, simu ikipima. Mpwa wangu, kijana wa miaka 24 mwenye mikono ya kubebea magunia, alitumia kafi na akafika kwa dakika 50. Mimi kwa pedali nilifika kwa dakika 43, nikiwa na umri wa miaka 46 na kitambi changu. Lakini tuliposhindana mita 200 tu, aliniacha, kwani chombo chake ni chembamba na chepesi, kinaondoka mara moja kama mbuzi. Changu ni kipana, karibu sentimita 90, na kinahitaji muda kushika mwendo. Tena nikagundua kwamba kikishafika mwendo wake, hata ninyonge kwa hasira hakiongezi kitu. Kinachimba maji na kupandisha wimbi mbele, basi. Ndivyo vyombo vyote vifupi vilivyo: nguvu ukizidisha mara mbili, mwendo hauzidi mara mbili, wala haukaribii.

Upepo ukija usoni ndipo pedali zinapoonyesha faida. Mwenye kafi, kila akipiga upande mmoja, bapa la upande wa pili liko hewani linashikwa na upepo, na kati ya pigo na pigo chombo kinapoteza mwendo. Rafadha haitoki majini, inasukuma wakati wote. Halafu mikono iko huru. Unaweza kutupa mshipi, kunywa maji, kufunga kofia, na chombo kinaendelea. Kwa mvuvi hilo si jambo dogo. Na miguu ndiyo yenye misuli mikubwa kuliko yote mwilini, kwa hiyo saa mbili za kunyonga zilinichosha kidogo kuliko nusu saa ya kafi nilipokuwa mzima.

Ila msidhani haina maumivu yake. Wiki ya kwanza nilikiweka kiti karibu mno na pedali, magoti yakawa yanapanda mpaka karibu na kidevu, na siku tatu nilisali nikiwa juu ya kiti. Kiti kinatakiwa kiwe mbali kiasi kwamba mguu ukifika mwisho wa pedali goti linabaki limekunjika kidogo tu. Mtu mwenye magoti mabovu asidanganywe na mtu mwenye bega bovu kama mimi, kwani atakuwa amehamisha maradhi kutoka juu kwenda chini. Watoto wadogo nao miguu yao haifiki. Binti yangu mdogo alikuwa na miaka 9, na pedali alizigusa kwa ncha za vidole tu.

Na kwa akina mama na mabinti, kwa kuwa wengi wameuliza: nguo pana inayoning'inia na pedali zinazozunguka havipatani. Mama watoto alijaribu mara moja tu, karibu na ufukwe, na kanga yake ikajiviringisha kwenye mhimili, ikabidi tumkokote mpaka nchi kavu huku anacheka na kuona haya. Binti yangu mkubwa yeye huvaa suruali pana iliyobanwa kwenye vifundo vya miguu, kanzu fupi ya mikono mirefu, mtandio uliofungwa vizuri nyuma ya shingo, na juu yake jaketi la kuelea. Kwenye kayaki ya kafi hata sketi ndefu haina taabu, kwani miguu imetulia.

Sasa nije kwa baba yangu, ambaye watoto wanamwita Babu, naye wakati ule alikuwa na miaka 71. Babu aliitazama ile kayaki ya njano siku nyingi bila kusema. Siku moja akaomba apande. Akakaa kwenye kile kiti chenye mgongo kama yuko kwa kinyozi, akanyonga, na kwa kuwa alinyonga kinyume, akaanza kurudi nyuma kuelekea kwenye mitumbwi iliyofungwa, huku anatupigia kelele sisi tukisimamishe. Alipoteremka akasema, "Mwanangu, kitu hiki kinakwenda. Lakini humu ndani mtu hasikii maji." Nilidhani ni maneno ya kizee. Nikamwambia ajaribu tena kesho. Akasema, "Chombo kisichoendeshwa kwa kafi ni gogo linalosubiri kuharibika." Akachukua ile nyekundu, akamwita binti yangu, na tangu siku hiyo kila Alhamisi na Jumapili baada ya Alasiri alikuwa akimfundisha.

Mafunzo yenyewe niliyaona ya ajabu. Dakika nyingi walikuwa hawaendi popote. Alimfundisha kuzungusha kiwiliwili badala ya kuvuta kwa mikono, ili nguvu itoke kwenye kiuno na mgongo. Alimfundisha kulaza bapa juu ya maji na kuliegemea chombo kikitaka kupinduka, jambo ambalo pedali haziwezi kukufanyia: ukiyumba kwenye kayaki ya pedali unategemea upana wake tu. Alimfundisha kukipindua makusudi na kupanda tena. Ile nyekundu aliweza. Ile ya njano ikipinduka, na kilo zake 43 na kile kiti, ilitushinda mimi na yeye pamoja mpaka tulipojua kuishika mkanda wa upande wa pili na kujitupa nyuma kwa uzito wa mwili. Na alimlazimisha awe na kamba ya mita 6 nyuma ya kiti chake, iliyokunjwa na kufungwa kwa fundo la kufunguka kwa mkono mmoja. Nilimuuliza ya nini. Akasema, "Ya kufungia mbuzi."

Ziwa letu si bwawa, ndugu zangu. Lina urefu wa kilomita 673, na kina chake mahali pengine kinafika mita 1,470. Tangu Mei mpaka Septemba upepo wa kusini unapanda juu ya urefu wote huo ukikusanya mawimbi, na asubuhi inaweza kuanza kama mafuta kwenye sahani ikaisha kwa povu. Hayo nayajua tangu utotoni. Sina kisingizio cha kusema sikujua.

Jumamosi ile ya Agosti tuliondoka baada ya Alfajiri, mimi kwenye njano, binti yangu wa miaka 15 kwenye nyekundu. Mama watoto aliuliza mnafika wapi. Nikamwambia mpaka kwenye michikichi ile, nikimwonyesha kwa mkono, kama kilomita 2 kusini. Na kweli ndiyo ilikuwa nia yangu. Lakini tulipofika kwenye michikichi, miguu yangu ilikuwa ndiyo kwanza inapata moto. Maji yametulia, jua halijapanda juu ya vilima, wavuvi wa taa wanarudi kwa mbali. Nikamwambia binti, twende kidogo mbele. Akasema sawa, Baba. Baada ya nusu saa nikasema tena, twende tukawaone wale wavuvi, na hapo tukaiacha nchi kavu tukakata kwenda ndani. Akasema tena sawa, Baba. Mtoto wa miaka 15 aliyelelewa kwa adabu, unategemea aseme nini? Mimi nilikuwa napima safari kwa miguu yangu. Mikono yake sikuiuliza, wala bega langu mwenyewe.

Kwenye saa tatu asubuhi tulikuwa kilomita 5 kutoka nyumbani na zaidi ya kilomita moja na nusu kutoka ufukweni. Upepo ukaamka. Ulikuwa wa kusini ulioinamia mashariki, yaani ule unaomtoa mtu nchi kavu na kumpeleka kati. Nikageuza chombo, nikanyonga kwa nguvu kurudi ufukweni, na hapo nikasikia pedali zimekuwa nzito, kisha zikagoma kabisa. Nikanyanyua guu la mashine. Kipande cha wavu wa nailoni kilichotelekezwa na mtu, Allah anamjua, kilikuwa kimejiviringisha kwenye mhimili nyuma ya rafadha, kimekaza kama waya. Nikatia mkono kwenye mfuko wa jaketi kutafuta kisu. Kisu kilikuwa nyumbani, jikoni. Nilikuwa nimekitumia kukatia embe siku iliyotangulia.

Chombo kisichosukumwa hugeuka ubavu kwa mawimbi chenyewe. Mara mbili maji yalinipita juu ya mapaja. Nikachukua kafi la akiba lililofungwa pembeni, la pande mbili, nikapiga mara nne, na bega likatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwaka 2013. Mkono ukafa ganzi. Nikatazama ufukwe, nikaona mnazi niliokuwa nimeuwekea alama umeshasogea upande, na nyumba zimekuwa ndogo.

Sikumwita binti. Kusema kweli niliona haya kumwita. Alikuja mwenyewe, akapita mbele yangu, akafungua ile kamba ya mbuzi kwa mkono mmoja, akanirushia. "Funga mbele, Baba, usifunge kwenye kiti." Nikafunga. Akaanza kupiga. Nilimwambia elekea moja kwa moja ufukweni, akatikisa kichwa: "Babu kasema upepo haupigwi uso kwa uso, unakatwa ubavuni." Akaelekeza chombo mshazari, upepo ukitusogeza kaskazini kuelekea kwetu huku yeye akiiba nchi kavu kidogo kidogo. Nilikuwa nyuma yake, mita 6, natazama mgongo wake ukizunguka kulia na kushoto, kulia na kushoto, bila haraka, kama alivyofundishwa siku zile walizokuwa hawaendi popote.

Kisha nikakumbuka kwamba makafi ya kayaki yanachomoka katikati. Nikalitenganisha langu vipande viwili, nikashika nusu moja kwa mkono wa kushoto kama kafi la mtumbwi, mkono wa kulia ukiwa chini kwenye nyonga unaongoza tu, nikapiga upande wa kushoto peke yake. Usukani nikaulaza upande wa pili kidogo ili chombo kisizunguke. Bega lilivumilia. Haikuwa nguvu kubwa, lakini kamba ilianza kulegea mara moja moja, na kila ilipolegea binti aligeuka nusu uso kunitazama.

Ilichukua saa moja na dakika 20. Tulifika kwenye ufukwe wa wavuvi, kama kilomita 2 kusini mwa nyumbani, karibu na ile michikichi niliyomwambia mama watoto. Mvuvi mmoja mzee akakata ule wavu kwa kisu cha kuparia samaki. Hata dakika moja haikupita.

Mtu aliwahi kumpigia simu mama watoto, akaja kwa pikipiki ya abiria. Hakunisemesha. Alikwenda moja kwa moja kwa binti, akamfungua viganja, akaona malengelenge yaliyopasuka kwenye mizizi ya vidole vyote. Alivitazama muda mrefu. Halafu akanigeukia akasema, "Uliniambia michikichini." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kusema. Nyumbani Babu alisikiliza habari yote akiwa anakunywa chai, na alipofika mahali pa kamba alitabasamu kidogo tu, akaomba sukari.

Kayaki ya njano ilikaa miezi miwili bila kuguswa. Nilipoirudia, jambo la kwanza nililofanya halikuwa kunyonga. Nililitoa guu la mashine nikaliacha ufukweni, nikachukua lile nusu kafi, nikapima: ni umbali gani naweza kujirudisha mimi mwenyewe, na bega hili, bila msaada? Siku tulivu niliweza kilomita moja. Siku ya upepo wa kawaida, nusu yake. Basi huo ndio ukawa mpaka wangu mpaka leo, kwamba siachi nchi kavu kwa zaidi ya nusu kilomita, hata miguu inililie. Nikiwa na mwenzangu mwenye kafi, yeye ndiye anayesema turudi. Kisu kimefungwa kwa uzi kwenye jaketi, na embe zinakatwa kwa kisu kingine. Na mama watoto huambiwa mahali penyewe tunapokwenda, na tukifika hapo tunageuka.

Kwa hiyo ndugu yangu unayeniuliza barazani, nakujibu hivi. Kama mikono yako ni mizima na fedha ni ya kuhesabu, nunua ya kafi. Kwa bei ya moja ya pedali yenye jina kubwa, ambayo mpya inaweza kupita dola 3,000, utapata za kafi mbili tatu nzuri, nyepesi, zisizo na gia ya kuingia mchanga wala mhimili wa kutiwa grisi, na wanao watajifunza kitu. Kama una bega kama langu, au ni mvuvi unayetaka mikono yako kwa mshipi, ya pedali itakufaa sana, nami siwezi kuisema vibaya, kwani ndiyo iliyonirudisha ziwani. Lakini kafi lazima liwemo ndani, na ujue kulitumia. Na wale ndugu wa Bujumbura upande wa mto Rusizi, penye viboko na mamba, msiniulize ipi ni bora pale. Pale bora ni kukaa nje.

Mwaka 2024 ziwa lilipopanda na maji kuingia kwenye viwanja vya chini, hizi kayaki mbili zilifanya kazi ambayo shemeji hakuinunulia. Katika maji ya magoti yaliyojaa matete na takataka, pedali hazikuwa na maana yoyote, guu la mashine halikuweza hata kushushwa. Ile nyekundu ilikuwa inapenya kati ya nyumba na nyumba ikipeleka mikate na dawa, binti yangu akipiga kafi, naye sasa ni mtu mzima wa miaka 21. Ile ya njano tuliigeuza mkokoteni: ni pana, haiyumbi, unaweza kupakia magodoro matatu na jiko juu yake ukaivuta kwa kamba huku unatembea.

Babu alikataa katakata kuhama kwa kubebwa mgongoni. Mwishoni binti alimwekea mto kwenye kile kiti cha kinyozi, akamsihi, akakubali. Nilikuwa nimesimama mlangoni na maji ya magoti, nikawaona wakipita: binti mbele na kamba ileile begani, Babu nyuma ameketi wima na kofia yake, kafi lake la zamani la mtumbwi limelala juu ya mapaja. Miguu ameiweka juu ya pedali, nayo inazizungusha polepole hewani.